Uzio wa Mabati Kati Yangu na Mama Shija

Wasomaji wenzangu, nina miaka arobaini na tisa, ni mjane, na ninaishi Segese peke yangu. Binti yangu Kabula ameolewa Shinyanga mjini. Elimu yangu ni darasa la saba, lakini tangu hapo sijaacha kusoma: vipeperushi vya mifugo, magazeti yaliyofungiwa maandazi, chochote chenye herufi. Nikiwa na jambo nalisoma kwanza, nalipima, ndipo natenda. Ndiyo tabia yangu. Na ndiyo iliyoniponza!

Nataka kuwasimulia habari za uzio. Mtacheka... uzio wa punda nao wa kumliza mtu mzima? Nisikilizeni kwanza.

Jirani yangu alikuwa Mama Shija, mjane kama mimi. Kila mmoja wetu alikuwa na punda mmoja, na punda mmoja hafiki mbali na mkokoteni uliojaa madumu ya maji. Kwa hiyo tuliwaunganisha. Wangu alikuwa dume aliyehasiwa. Mama Shija ndiye aliyempa jina la Ngosha, yaani mwanamume kwa Kisukuma, akacheka mpaka akakaa chini. Wake alikuwa jike, tukamwita Bibi Harusi kwa mwendo wake wa kuringa. Tuliwanunua mnadani siku moja, kwa mtu mmoja, na walikuwa wamezoeana tangu huko walikotoka.

Tulikuwa tukipeleka maji mwaloni, kule wachimbaji wanakooshea mawe yaliyosagwa. Jioni punda walilala zizi moja, wakikunana shingo kwa meno kama ndugu.

Kati ya nyumba zetu palikuwa na ua wa minyaa, na kwenye ua ule palikuwa na pengo. Hapo tulipitishiana chumvi, moto na habari za watu. Kila asubuhi sauti yake, ikinisalimu kwa Kisukuma, ilinifikia kabla ya jua.

"Mwangaluka, Mwalimu! Leo umeshapima nini?"

Aliniita Mwalimu kwa sababu ya kamba yangu ya kupimia.

"Nimepima mdomo wako," nilimjibu. "Kamba imeisha, mdomo bado."

Tulicheka... Ee Mungu, jinsi tulivyocheka!

Kisha akaja Deus.

Alikuwa mnunuzi wa mawe ya dhahabu kutoka pande za Geita, mtu wa shati safi na maneno laini. Akahamia kwa Mama Shija. Sikumlaumu rafiki yangu. Upweke naujua, nani wa kunifundisha? Lakini Deus alikuja na dume lake la punda ambalo halijahasiwa. Alimwita Meneja, kwa sababu, alisema, kazi yake ni kuwafokea wengine tu.

Meneja hakuweza kumvumilia Ngosha karibu na Bibi Harusi. Alianza na sikio. Kisha akamkamata shingoni, akamburuta, nyama ikabaki inaning'inia. Nilipolalamika, Deus alicheka.

"Wanyama hao, mama. Wataelewana tu. Tena kwa nini Meneja asivute na Bibi Harusi? Huyu wako kachoka."

Nilimtazama Mama Shija. Nilingoja aseme neno moja tu... Alitazama chini. Hakusema.

Tangu siku ile Bibi Harusi alivuta mkokoteni na Meneja, na mimi nikabaki kumbebesha Ngosha madumu mgongoni, kidogo kidogo. Lakini mkokoteni haukuniuma kama ule ukimya wake.

Hata hivyo, ni yeye mwenyewe aliyenijia pale penye pengo akaniambia, "Mwalimu, wewe ndiye unayejua mambo. Tafuta uzio wa kuwatenga hawa, wasije wakauana."

Nikaanza kuchunguza, kama kawaida yangu. Seng'enge niliikataa kwanza. Nilikwisha kumwona punda kule Ushetu aliyenasa mguu kwenye waya ule, akavuta mpaka ngozi ikavuka kama soksi. Minyaa je? Dume akimnusa jike hupenya, na maziwa ya minyaa yakimwingia jichoni ni taabu. Matawi ya miiba huliwa na mchwa. Safu ya fito? Meneja angeingiza kichwa katikati na kuuma.

Kipeperushi changu kilisema uzio mzuri ni ulio laini, usio na tundu la kunasa kwato, wala ncha ya kuchana. Nikachagua mabati, minyaa yote ing'olewe. Marefu, yamesimamishwa imara, ukingo wa juu umekunjwa usije ukakata koo. Sababu zangu zote zilikuwa sahihi. Hata leo nikizirudia, sioni iliyo na kosa.

Lakini palikuwa na sababu nyingine ambayo sikuitamka. Fundi alipofika penye pengo aliniuliza, "Mama, hapa niache kamlango? Naona mnapitaga."

Nikasema, "Ziba."

"Nizibe kabisa?"

"Kabisa."

Niambieni, wasomaji, pengo la kupitishia chumvi lilikuwa limemkosea nini Ngosha? Nilikuwa namtenga punda, au nilikuwa nalipiza ule ukimya? Mama Shija alikuwa amesimama upande wa pili, kikombe mkononi, akitazama. Bati la mwisho liliposimamishwa, likamfunika.

Meneja hakumuuma tena Ngosha. Kidonda kilipona. Watu walikuja kuusifu uzio wangu... Na kila asubuhi jua lilichomoza pasipo mtu wa kuniuliza nimepima nini.

Barabara ilikuwepo. Ningeweza kuzunguka nikampigia hodi. Nilimngoja yeye aanze. Kumbe naye alikuwa akiningoja mimi!

Ngosha aliliegemea bati tangu siku ya kwanza. Jua kali, bati la moto, yeye pua yake ipo pale pale. Alikuwa akilia, na ng'ambo Bibi Harusi akimjibu. Nilihamisha majani nikayaweka kivulini, naye akayaacha. Nilidhani atazoea. Mimi si nilikuwa nazoea?

Asubuhi moja nilikuwa nakoroga uji. Upande wa pili gari kubwa lilikuwa likinguruma na kupiga honi; nikadhani limefuata mawe ya Deus. Mara nikasikia bati linagongwa. Likagongwa tena, kwa nguvu, tena na tena. Nikajua ni Meneja anapiga mateke. Nikatazama: nguzo hazikutikisika. Nikatabasamu! Nikasema moyoni, hii ndiyo kazi. Nikaendelea kukoroga uji wangu.

Siku ile Ngosha alilia, hakujibiwa. Akalia tena, kimya. Ilipofika jioni nikashindwa, nikazunguka kwa barabara. Nilikuta mlango wazi, nyumba tupu, kamba ya Bibi Harusi imelala chini. Mama muuza maandazi akaniambia wamehamia Geita, vitu vyote na punda wao wamepakiwa kwenye Fuso.

Bila kwaheri! Miaka yote ile, hata kwaheri? Nilipiga simu yake, haikupatikana. Nililia kwa hasira nikaapa kwamba sina rafiki duniani.

Ngosha akaacha kula. Nikamwita bwana mifugo. Alimpima joto, akamwangalia meno, akamsikiliza tumbo. Kisha akauliza, "Mwenzake yuko wapi?"

Nilimwonyesha bati. Alilipapasa kwa kiganja.

"Uzio mzuri huu. Ila punda, mama, anaishi na mwenzake. Ungesimamisha safu mbili za fito, katikati ukaacha nafasi ambayo shingo haifiki. Meno yasifike, lakini waonane."

"Kipeperushi hakikusema hivyo," nilimwambia.

"Kitakuwa cha ng'ombe hicho, mama."

Ngosha alikufa akiwa ameliegemea bati. Ilibidi watu wamvute ili wamtoe pale.

Mwaka uliofuata nilikwenda Shinyanga kumwona Kabula. Sokoni, kwenye meza za dagaa, nikamwona mwanamke aliyekonda anayepima dagaa kwa kopo. Alikuwa Mama Shija! Maneno yangu nilikuwa nimeyaandaa siku nyingi, makali, yamepangwa sawasawa. Nilipomfikia likatoka moja tu.

"Uliondokaje bila kuniaga?"

Aliweka kopo chini.

"Niligonga, Mwalimu. Niligonga mpaka kiganja kikavimba. Deus anapiga honi, dereva hataki kuzima gari, mimi nakuita. Harufu ya uji wako naisikia. Nikajua upo, na umeamua."

Nikakaa kwenye gunia la mtu.

"Deus nilikuwa nimeshaanza kumwogopa," akaendelea taratibu. "Nilisema moyoni, Mama Kabula akitokea tu, siendi. Nashusha vitu vyangu."

Yule Deus alimuuza Bibi Harusi kabla hawajafika Geita, na baada ya miezi michache akatoweka, ndipo mwenzangu akaja Shinyanga kutafuta riziki. Nilimweleza Mama Shija kuhusu mateke ya Meneja, nilivyodhani. Nilimsihi arudi Segese, chumba changu ni kikubwa, tutaanza upya.

"Nimechoka kuhamahama, Mwalimu," alisema. "Na kwako nilishagonga."

Akanifungia dagaa kwenye gazeti, akageukia mteja mwingine. Gazeti lile nililisoma lote kwenye gari, na sikumbuki hata neno moja.

Mabati nimeyang'oa. Sasa nikikaa jikoni naona hadi kwenye ule uwanja wao. Majani yameota mlangoni. Asubuhi hujikuta nimenyamaza kidogo kabla ya jua, nasikiliza...

Wasomaji wenzangu, wenye wanyama wagomvi, watengeni, lakini wasinyimwe kuonana. Na ninyi mnaopenda kufanya mambo kwa vipimo kama mimi, nawasihi: mkiwa na sababu sahihi nyingi, tafuteni ile moja mliyoificha chini yake. Mkikosana na rafiki, acheni pengo, hata dogo la kupitisha chumvi.

Na ukisikia uzio wako unagongwa, usikae unasifu uimara wake. Acha uji uungue. Nenda ukaone ni nani.