Q Isiyo na U

Fundi alikuwa amepiga magoti akigongagonga kigae kwa nyundo ya mpira, jicho moja kwenye pima maji, pale kiatu chekundu chenye kisigino kirefu kilipotua katikati ya kazi yake. Kigae kikazama upande mmoja, saruji ikafurika pembeni kama uji.

"Dada, hicho bado kibichi."

"Samahani, fundi. Macho yangu yalikuwa mbele."

"Na miguu je?"

Msichana akacheka. Ilikuwa saa ya watu kutoka kazini, na ukumbi wa chini wa jengo lile la maduka ulijaa wapita njia wakisukumana kwenye ukanda mwembamba aliowaachia. Alivaa gauni la kijani lililomkaa sawasawa, na koti jeupe la duka la dawa amelikunja mkononi. Hakwenda zake. Alisimama akamtazama aking'oa kigae, akikwangua saruji na kukilaza upya, ndipo akaelekea kwenye meza zilizokuwa chini ya ngazi, ambako watu wachache walikuwa wameinamia ubao kana kwamba wanampasua mgonjwa.

Fundi alipomaliza safu ile aliwafuata, mikono bado ina vumbi jeupe. Kumbe walikuwa wakicheza mchezo wa kupanga maneno ya Kiingereza kwa vijigae vidogo, kila kimoja na herufi yake. Yule msichana wenzake walimwita Kyu. Alipouliza sababu, wakamwonyesha kijigae cha Q, herufi ambayo Kiswahili hakina haja nayo, na ambayo kwa Kiingereza haitembei ila na U, kama mtoto asiyebanduka kwa mama yake. Mchezaji akiipata Q bila U, hukunja uso. Msichana huyu hukunjua.

"Yapo maneno mafupi ambamo Q husimama bila kufuatwa na U," alimweleza. "Qadi ni kadhi. Faqir ni fakiri. Suq ni soko. Waqf ni wakfu."

 Fundi aliacha shule mapema, na siku zote Kiingereza kilikuwa kwake nyumba ya tajiri yenye geti refu. Sasa ni kama amechungulia ndani akakuta vyombo vya kwao vimepangwa rafuni.

"Kwa hiyo nao walikwenda kuazima kwa majirani," alisema polepole, mwili ukimsisimka.

Kyu akamtazama vizuri. Wengi aliowaeleza hayo walipiga miayo.

Basi wakapeana namba, na mapenzi yakaanza. Kila jioni simu ililia, na Kyu akampa neno la siku. Qi, nguvu ya uhai kwa Wachina. Qin, ala yao ya nyuzi. Qat, majani yanayotafunwa kufukuza usingizi. Kesho yake Fundi alipanga vigae huku akistaajabu jinsi uhai mzima unavyoweza kukaa juu ya herufi mbili.

"Leo unanipa lipi, roho yangu?"

"Talaq."

"Ndiyo nini?"

"Talaka."

"Ehe. Posa bado, talaka imeshafika."

Kyu alicheka hadi simu ikamponyoka.

Fundi akajiunga na chama cha wachezaji wale, akajifunza mchezo kama alivyojifunza ufundi, safu kwa safu, bila pupa. Alijua Kyu ana hamu moja kubwa: kukiwakilisha chama kwenye mashindano makuu, nafasi ambayo kila mwaka ilimponyoka mwishoni. Mwaka huu mchujo wa mwisho ukawakutanisha wao wawili.

Kanuni yao ilikuwa ngumu. Neno lisipopingwa limesimama, hata kama halipo duniani. Na ukilipinga lililo sahihi, unapoteza zamu. Mchezo ukielekea ukingoni, Kyu aliweka neno lenye Q ambalo Fundi alijua wazi kwamba halipo. Aliona jasho juu ya mdomo wa Kyu. Hakulipinga, akaendelea na zamu yake. Kyu akashinda, watu wakampigia makofi.

Jioni iliyofuata sauti ya Kyu kwenye simu ilikuwa baridi. Alikuwa ametazama kamusi.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona ulinyamaza?"

"Nakupenda, Kyu. Uliitaka sana nafasi ile."

"Niliitaka kwa kushinda. Wewe umenipa kama pipi ya kumnyamazishia mtoto."

Simu ikakatwa. Tangu hapo hakupokea tena, na akipita ukumbini alitazama ukuta. Fundi alimweleza dada yake, akitarajia kuonewa huruma. Dada yake alimuuliza tu kama angefurahi mtu kumsifia sakafu iliyopinda kwa sababu anampenda. 

Fundi akaenda kwenye duka la dawa alikofanya kazi Kyu, akapanga foleni nyuma ya wenye kikohozi. Zamu yake ilipofika, Kyu alimuuliza anaumwa nini, kama asiyemjua.

"Nilifunga mdomo pale ulipotakiwa kufunguka."

"Dawa yake hatuna."

Waliokuwa nyuma wakacheka. Fundi alieleza kwamba amekwenda kwa Katibu wa chama, amekiri, na ameomba mchezo urudiwe, na nafasi iwe ya atakayeshinda.

"Na nikishindwa?"

"Nitakwenda mimi. Utanichukia kwa haki."

Kyu alijiuma mdomo, lakini tabasamu lilikwisha kumtoroka.

Waliketi tena chini ya ngazi, Katibu, mama mwenye miwani mizito, akiwa katikati na kamusi mapajani. Fundi hakumwonea huruma. Alifunga njia zake zote, akaongoza. Ndipo Kyu akalaza vijigae taratibu: QANAT.

Fundi hakuwahi kuliona. Moyo wake ulimwambia aache lipite. Akainua macho, Kyu alikuwa akimngoja, uso mkavu.

"Napinga."

Katibu akateremsha kidole ukurasani, akasoma: ni mfereji unaochimbwa chini ya ardhi, kuleta maji kutoka mlimani hadi nchi kavu. Neno lipo, Fundi amepoteza zamu.

Fundi hakusikia habari za zamu. Aliwaona watu gizani, wakichimba kwa mwinamo mdogo usioonekana kwa jicho, baba akimwachia mwana, ili mtu wasiyemjua aje kunywa kule mbali. Na hayo yote yalikuwa mbele yake, yameenea kiganja kimoja. 

"Maji hayakupotea njia," alinong'ona.

"Umenipinga," alisema Kyu, machozi yakimlengalenga.

"Nimekupinga."

"Asante, mpenzi."

Mlinzi akaja na funguo zake, akianza kuzima taa. Pointi zilikuwa karibu kulingana na mfuko wa herufi bado mzito. Katibu akaufunika ubao, akawaambia wamalizie kesho baada ya kazi.

Mlangoni Fundi alimshika mkono, akamuuliza kama anaweza kutuma wazee kwao.

"Kwanza nikufunge."

"Nikikufunga mimi je?"

Kyu alitembea kidogo akifikiri.

"Watume vilevile. Ila wasije siku hiyohiyo."