Utafiti Uliofika Kwenye Meza ya Mwokaji

Mwokaji wa mtaa wetu tulimwita Wingu. Jina hilo alilipata kazini. Kabla ya kukanda donge, alichota unga kwa kiganja na kuurusha juu ya meza. Unga ulipaa, ukatanda hewani, kisha ukashuka taratibu na kufunika meza yote sawasawa. Wateja wa asubuhi walisimama dirishani kumtazama. Mimi nilikuwa mmoja wao, na nilichelewa kazini zaidi ya mara moja kwa sababu yake.

Ufundi huo alifundishwa na marehemu baba yake. Katika familia yao, mwokaji asiyejua kurusha unga alihesabiwa kuwa bado mwanagenzi. Wingu aliwahi kumkatalia kazi mpishi aliyetoka hoteli kubwa kwa sababu alinyunyiza unga kwa vidole, kama mtu anayetia chumvi.

Mke wake ni Mama Pacha. Yeye huuza mikate mbele, hupokea magunia ya unga, na husema ukweli hata usipouliza. Pacha wake wawili wanasoma shule ya bweni.

Mwaka jana kifua cha Wingu kilianza kumsumbua. Akiwa kazini alikohoa na kukosa pumzi. Siku ya mapumziko alipumua vizuri kama kijana. Mama Pacha ndiye aliyeligundua hilo, akamburuta hadi kwa daktari. Daktari alisema ni pumu, na kinachoichochea ni vumbi la unga. Alimpa dawa ya kuvuta kwa mdomo. Kisha akamshauri atafute kazi nyingine, kama inawezekana.

Wingu alirudi kwenye kiwanda chake cha mikate. Alikaa kwenye kiti karibu na tanuri, aproni ikiwa mapajani.

"Nina miaka hamsini na miwili," alimwambia mkewe. "Nikiacha unga, nitakuwa nani?"

Mama Pacha si mtu wa kukunja mikono. Jioni ile alichukua simu, akaanza kutafuta habari za waokaji wenye pumu. Akapata makala ya watafiti waliopima vumbi katika viwanda vidogo vya mikate. Alisoma muhtasari, mistari sita tu ya lugha ya kigeni, akitafuta maana ya kila neno gumu kwenye kamusi. Chini ya mistari hiyo palikuwa na picha ya kufuli. Makala yenyewe ilikuwa ya kununua, na bei ya kuisoma kwa siku moja ilimfanya aweke simu chini.

Hapo ndipo alipokosea. Muhtasari ulisema kwamba kuziba pua na mdomo kulipunguza vumbi linalovutwa. Mama Pacha akaona ameshapata dawa. Alikata shuka la zamani, akashona kitambaa cha kufunga usoni, akamvisha mumewe. Wingu alifurahi kupita kiasi. Kwa kuwa sasa ana kinga, alirusha unga juu zaidi ya zamani, na sisi wa dirishani tukamshangilia. Naona haya kulisema hilo.

Wiki ya tatu, saa nne asubuhi, Wingu aliishiwa pumzi akiwa amesimama mezani. Alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili, midomo ikabadilika rangi. Mama Pacha aliruka kaunta, akamvua kitambaa, akampa dawa yake, akamtoa nje penye hewa. Mikate yote iliyokuwa ndani ya tanuri iliungua, na hakuna aliyeijali. Pumzi iliporudi, Wingu alisema maneno machache tu. Mwisho wa mwezi tanuri litazimwa kabisa.

Kesho yake Mama Pacha alikwenda maktaba ya umma. Alikuwa hajawahi kuingia humo. Mkutubi ni mwanamume mrefu, mpole, mwenye tabia ya kufuta vumbi kwenye kompyuta kwa ncha ya tai yake. Aliuona unga kwenye viwiko vya mgeni wake, akamtania kwamba amekuja na ushahidi wa kazi yake. Mama Pacha hakucheka. Alimweleza yote, mpaka habari ya kitambaa.

Mkutubi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamweleza jinsi mambo yalivyo. Watafiti wanapomaliza kazi, huiandika na kuipeleka kwenye jarida la kitaaluma. Wataalamu wenzao huisoma na kuikosoa kabla haijatoka. Majarida mengine huuza ruhusa ya kusoma, ndiyo maana alikutana na kufuli. Mengine huacha milango wazi kwa kila mtu, bure, popote alipo. Huo unaitwa uchapishaji huria.

"Sasa nani analipa?" Mama Pacha aliuliza. Yeye ni mfanyabiashara.

"Mara nyingi chuo, au shirika lililogharimia utafiti. Wakati mwingine mwandishi mwenyewe ndiye hulipa. Wewe msomaji hulipi. Na hata jarida likiwa limefunga, mara nyingi mwandishi anaruhusiwa kuweka nakala yake kwenye hazina ya chuo chake, ghala la mtandaoni la kazi za watafiti. Hebu tutazame."

Aliandika jina la makala ile ile. Wakasubiri kidogo. Nakala ikatokea, kurasa kumi na nne, bila kufuli. Mmoja wa watafiti alikuwa ameiweka wazi kwenye hazina ya chuo. Mama Pacha alitazama skrini kama mtu aliyekuta mlango wa nyuma uko wazi baada ya kugonga wa mbele siku nzima.

Makala yote ilikuwa kwa lugha ile ile ya kigeni, hivyo mkutubi alimsomea polepole na kumfafanulia. Ukweli wote ulikuwa ndani, kule ambako muhtasari haukufika. Kinga iliyosifiwa ilikuwa barakoa maalumu inayobana uso. Kitambaa cha kawaida kilipimwa pia, na hakikusaidia chochote cha maana. Halafu palikuwa na jedwali la kazi zinazopandisha vumbi. Kukung'uta magunia matupu. Kufagia sakafu ikiwa kavu. Na juu kabisa, kazi iliyozishinda zote, kurusha unga mezani kwa mkono.

Mama Pacha aliweka kidole kwenye mstari huo. "Huyu aliyeandika," alisema, "alimwona mume wangu wapi?"

Mkutubi akamtafutia makala nyingine, kwenye jarida huria. Hiyo ilieleza namna waokaji walivyopunguza vumbi bila kuacha kazi. Alimwonya pia kwamba kitu kuwa bure si sababu ya kukiamini. Wapo wanaojiita majarida, ambao huchukua ada kwa mwandishi na kuchapisha chochote bila kukikagua. Kwa hiyo kabla ya kuamini, uliza nani ameandika, nani amekagua, na wengine wanasemaje.

Ukurasa wa mwisho wa makala ile ya pili ulikuwa na maneno ya ruhusa. Yeyote anaweza kuinakili, kuitafsiri na kuigawa, mradi awataje walioiandika. Mama Pacha aliomba asomewe mstari huo mara ya pili. Hakuzoea kuona mtu aliyetoka jasho kwa kazi yake akiwaambia watu wasiomjua waichukue. Mimi pia, nilipoonyeshwa baadaye, niliusoma mara mbili. Na si habari za mikate tu. Mkutubi alinifungulia tafiti za kilimo, sheria, historia, lugha, ualimu na tiba, zote wazi, zote zikimngoja msomaji.

Mchana wa siku tatu Mama Pacha na mkutubi walikaa kutafsiri. Mmoja alijua lugha, mwingine alijua donge. Walitoa ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi, na chini wakaandika majina ya watafiti.

Kazi ngumu ilibaki nyumbani. Wingu aliusoma ukurasa ule, akausukuma pembeni.

"Baba aliurusha unga miaka arobaini," alisema.

"Na alikohoa miaka mingapi?" Mama Pacha aliuliza.

Wingu alimtazama. Mzee alikuwa amekufa akitafuta pumzi, na wote walisema ni uzee. Wingu aliinamisha kichwa, akalia, na mkewe akamwacha alie. Baadaye aliuvuta ule ukurasa, akausoma tena kuanzia juu.

Wiki ile kiwanda kilibadilika. Unga ulipitishwa kwenye chekeche lililoshikwa karibu kabisa na meza. Kwa madonge mengine alipaka mafuta kidogo mezani badala ya unga. Magunia matupu yalikunjwa taratibu, hayakukung'utwa. Sakafu ilipanguswa kwa kitambaa chenye maji. Dirisha la nyuma, lililokuwa limezibwa na makopo miaka mingi, likafunguliwa. Daktari alimwonyesha barakoa inayofaa, akaagiza aje kupimwa pumzi kila mwezi na asiache dawa.

Wa dirishani tulinung'unika kwamba burudani imekwisha. Mama Pacha alitujibu kwamba anayetaka wingu atazame juu.

Mwisho wa mwezi ukafika, tanuri halikuzimwa. Baada ya miezi mitatu vipimo vya pumzi vilikuwa bora zaidi. Daktari alisema Wingu anaweza kuendelea na kazi, mradi asiruke siku ya kupimwa. Kisha akaomba nakala ya ule ukurasa wa Kiswahili, kwa kuwa ana wagonjwa wengine waokaji.

Ukurasa ulitembea. Siku moja mtafiti wa chuo, mwanamke aliyeupata kwa daktari, alibisha hodi kiwandani. Aliomba kupima vumbi mahali pale. Wingu alimkaribisha kiti, akampa mkate wa moto, kisha akatoa sharti lake.

"Pima unavyotaka, dada. Ila utakachoandika kisifungiwe. Akija mke wa mwokaji mwingine kutafuta, akikute chote, siyo mistari sita."

Mtafiti alikubali, na alitimiza. Makala ilipotoka, Wingu alivaa shati safi, akaenda maktaba kwa mara ya kwanza maishani. Mkutubi alifuta skrini kwa tai, akaifungua. Wingu aliitafuta picha ya kufuli kila pembe, asiione. Mwishoni waandishi walikuwa wamemshukuru mwokaji mmoja na mke wake.

"Mzee wangu angekuwa hai," aliuliza, "angeweza kuingia hapa akaisoma hii?"

"Angeweza," mkutubi alijibu. "Bila kumwomba mtu ruhusa."

Wingu aliomba achapiwe nakala moja. Aliipeleka kiwandani, akaitundika kwenye msumari ambapo aproni ya marehemu baba yake ilikuwa bado inaning'inia. Kisha akalichukua chekeche, akaliinamisha karibu na meza, akaanza kazi.