Fina na Watu wa Kola Chakavu

"Vua hilo sweta, mwanangu. Ni jipya mno."

Fina aliganda mlangoni, begi bado liko begani. Sweta lenyewe alilinunua Boston juzi tu, la bluu, la sufi laini, akijipongeza kwamba safari hii hawatamkosoa. Mbele yake alisimama mama wa mpenzi wake Alden, Bi. Satterlee, ambaye rasi nzima ya Sippawick ilimwita Tinker kama vile ni mtoto wa chekechea. Mkononi alishika sweta la kijani lililotobolewa na nondo.

"Hili lilikuwa la mama yangu. Chukua, ni lako."

"Langu mimi, Bi. Satterlee?"

"Bi. Satterlee alikuwa mama mkwe wangu, Mungu amrehemu na asimrudishe. Niite Tinker. Kwani wewe si wa kwetu?"

Moyo wa Fina uliruka. Kwa miaka miwili ya mapenzi yake na Alden, mama huyu alikuwa akimwita Felina, Delphine, na siku moja mbele ya wageni, "yule rafiki wa Alden wa Fall River." Leo amekuwa wa kwetu. Akavua lake jipya harakaharaka, akavaa lile la matundu. Lilinuka dawa ya nondo, na alijisikia malkia.

Usimcheke. Hawa ndio watu ambao kina Fina kule mtaani kwao, Wareno wa viwanda vya nguo, waliwaita mapripi, yaani matajiri wa tangu enzi za mababu. Alianza kuwasoma tangu ana miaka kumi na minne, alipoingia shule yao ya bweni kwa ufadhili. Alijifunza kwamba shati linapochanika kola ndipo linapopata heshima. Viatu vya ngozi huvaliwa bila soksi hata kukiwa na baridi. Bei ya kitu haiulizwi, nyumba ya mtu haisifiwi, na jambo baya halitajwi mezani. Suruali nyekundu iliyopauka ikawa ya rangi ya uduvi ni ishara kwamba babu yako naye alikuwa na pesa. Hayo yote aliyajua kwa moyo, ila mlango ulikuwa haujafunguka.

Sasa ulikuwa umefunguka wenyewe, na korido ya nyuma ilikuwa na kitu kingine cha kumshangaza. Pale ukutani palikuwa na safu ya vigingi vya kutundikia makoti, kila kigingi na jina la mtu wa familia juu yake. Cha mwisho kiliandikwa FINA. Rangi ilikuwa bado mbichi.

Shangazi Nan, dada yake baba wa Alden, mwanamke wa miaka themanini na ushei asiyejua kumung'unya maneno, alikuwa amekaa hapo akivua buti.

"Ehe! Wamekupa kigingi?"

"Hata mimi nashangaa, Shangazi."

"Mke wa nyumba hii hupewa kigingi baada ya harusi. Tinker mwenyewe alisubiri mpaka akazaa. Wewe hata pete huna."

"Labda wamenipenda."

Shangazi Nan alimtazama kwa huruma.

"Labda," alisema, akaingia ndani bila buti.

Fina akaenda kumtafuta Alden, akamkuta nyuma ya banda akifunga kamba za turubai. Chini ya turubai lilikuwa gari la familia, lile kuukuu ambalo wangeweza kulibadilisha mara ishirini lakini hawakubadilisha kwa sababu kubadilisha ni ushamba.

"Bado hujalipeleka kwa fundi?"

Alden alishtuka. Kijana mrefu, nywele za rangi ya mchanga, macho ambayo siku zote yalimfanya Fina asahau alichotaka kusema. Leo macho hayo yalitazama kamba.

"Fundi ana kazi nyingi."

"Na kulifunika hivi, kwa sababu ya kulungu tu?"

"Fina, tafadhali. Nimekukumbuka sana. Nibusu."

Akambusu. Midomo ilikuwa ya baridi.

Jumamosi iliyopita Fina ndiye aliyeliendesha gari hilo mchana hadi stesheni ya treni, akaliacha pale, ufunguo chini ya zulia la miguu, kama wafanyavyo watu wote wa Sippawick, akapanda treni kurudi Boston. Jioni Alden akalifuata kwa miguu akitokea klabu ya tenisi. Baadaye akampigia simu: amegonga kulungu barabara ya kinamasi.

Saa kumi alasiri Tinker alimwita bustanini. Alikuwa akikata maua na kuyalaza kwenye kikapu, mkasi ukilia kwa utaratibu.

"Fina, tunafikiria harusi iwe Septemba. Hapa hapa, chini ya hema. Unaonaje?"

"Alden hajaniomba, Tinker."

"Ataomba. Hawa wanaume wetu ni wazito kidogo. Kuna kajambo kadogo tu kwanza. Leo saa kumi na mbili Afande anakuja kunywa nasi. Mkuu wa polisi wa hapa, rafiki wa miaka mingi, mtu mtaratibu. Atauliza habari za gari."

"Habari gani?"

"Yule wa mikate. Unamjua, mwanamke mwenye baiskeli, anayeleta mikate asubuhi. Alipata ajali Jumamosi, barabara ya kinamasi. Masikini, hajazinduka mpaka leo."

"Alden aliniambia ni kulungu."

"Na sisi alituambia hivyo hivyo." Mkasi ukakata shina. "Alden alishakamatwa mara moja akiendesha amelewa. Mara ya pili hawamwachii. Lakini mwalimu wa kemia kama wewe, msichana safi ambaye hata divai haimalizi, kwenye mvua, giza linaingia? Watampa pole. Utamwambia tu Afande kwamba ulirudi na treni ya jioni ukaendesha mwenyewe kuja hapa. Ulidhani ni mnyama. Mawakili wetu watafanya yaliyobaki."

"Mnataka nichukue kosa la Alden?"

"Mwanangu, hatutumii maneno kama hayo. Familia husaidiana."

Ndipo Fina alipoelewa lile sweta na kile kigingi. Wamemvisha kilemba cha ukoka, naye alikuwa ameinama mwenyewe kukipokea. Iliuma. Na kilichouma zaidi ni kwamba sehemu ya moyo wake ilikuwa ikipiga hesabu: hema, Septemba, mama yake akitoka Fall River na gauni lake bora, hakuna tena wa kumwita rafiki wa fulani. Alilitamani hilo tangu ana miaka kumi na minne. Neno moja tu na ni lake.

Alimkuta Alden kwenye ngazi za kushukia ufukweni.

"Niombe wewe mwenyewe," alimwambia.

"Mama ameshakueleza?"

"Nataka kusikia kutoka kwako. Niangalie usoni, useme unataka niseme nini."

"Usilifanye liwe gumu, Fina."

"Gumu? Kuna mwanamke yuko hospitali!"

"Punguza sauti, sauti inafika kwa majirani."

"Alden! Ulijua ni mtu?"

Upepo ulipeperusha kola ya Alden iliyochanika. Kisha akamshika mkono, macho yamejaa machozi ya kweli.

"Nakupenda. Nikifungwa tumekwisha. Wewe hawatakufunga. Baada ya hapo tuna maisha yetu yote. Nisaidie, mpenzi wangu."

Fina alimpenda. Hata dakika ile alimpenda, na aliogopa jinsi alivyompenda.

Saa kumi na mbili baraza ilijaa: mzee Gus, baba yake Alden, na suruali yake ya rangi ya uduvi, Tinker na sahani ya biskuti za jibini, Shangazi Nan kwenye kiti chake cha matete. Afande alifika kwa miguu kutoka getini, mtu mnene wa makamo, kofia mkononi. Tinker akampa glasi ya pombe ya jini na limau.

"Afande! Bahari ilikuwaje leo?"

"Sikuitazama, mama."

"Hali ya hewa itageuka, eti?"

"Inaweza."

Walizungumzia hali ya hewa, kisha mashua ya mtu fulani, kisha bei ambazo hawakuzitaja. Afande hakunywa. Mwishowe akasema, taratibu:

"Nani alikuwa na lile gari Jumamosi jioni?"

Gus alitazama barafu kwenye glasi yake. Tinker alimgeukia Fina na tabasamu, kama mwalimu anayesubiri mtoto akumbuke shairi. Fina alimtazama Alden. Alimpa nafasi, Mungu ni shahidi. Alisubiri.

"Fina alilichukua siku ile," Alden alisema.

"Sikuuliza nani alilichukua. Nani alikuwa kwenye usukani jioni, barabara ya kinamasi?"

"Fina."

Jina lake lilitoka mdomoni mwa Alden laini kabisa. Kitu kikakatika ndani ya Fina, na ile hofu ikaondoka nacho.

"Mimi nilikuwa Boston, Afande," alisema. "Jioni ile Alden alinipigia simu. Akaniambia amegonga kulungu. Nikamwuliza, amekufa? Akaniambia: 'Hapana, bado anapumua. Lakini mvua inanyesha, na Mama ananisubiri mezani.'"

Shangazi Nan aliziba mdomo kwa kiganja.

"Fina, mpenzi," Tinker alisema, tabasamu bado lipo, "si sasa. Tuna mgeni."

Afande aliweka glasi juu ya meza, imejaa vilevile.

"Bi. Satterlee, ni miaka mingi mnanialika kwenye baraza hii. Mimi naitwa nani?"

"Jamani, Afande..."

"Jina langu. Hata moja tu."

Tinker alimtazama mumewe. Mumewe alitazama bahari.

"Naitwa Armand Gagnon. Na yule mnayemwita wa mikate, aliyewaletea mikate kabla hata huyu kijana hajaota ndevu, anaitwa Lorraine Gagnon. Ni dada yangu, tumbo moja." Aliinuka. "Kesi si yangu, niliikabidhi kwa polisi wa jimbo siku ya kwanza. Wako getini. Mimi nimekuja kwa sababu mlinialika. Na Lorraine alizinduka jana."

Hapakuwa na kelele. Watu hawa hawapigi kelele hata nyumba ikiungua. Gus aliingia ndani kumpigia wakili, na Tinker akaanza kukusanya biskuti ambazo hazijaliwa.

Fina alikuwa ameshafika kwenye njia ya kokoto aliposikia hatua nyuma yake.

"Fina! Ningekuoa. Naapa, haukuwa uongo. Ningekuoa kweli."

"Najua, Alden. Ungenioa. Hilo ndilo linalonitisha."

Polisi wawili walikuwa wakija juu ya nyasi. Alden alinyoosha mgongo, akashusha sauti, akawa tena yule kijana wa adabu ambaye walimu wote walimpenda.

"Samahani sana," alisema.

Armand alimpa Fina lifti. Alimwambia angempeleka moja kwa moja hadi stesheni, lakini lazima apitie hospitali kwanza. Fina akaomba aingie naye.

Lorraine alikuwa mdogo kitandani, mguu umening'inizwa, uso wa zambarau upande mmoja. Kaka yake akamweleza huyu binti ni nani na amesema nini barazani. Mwanamke alimgeukia Fina.

"Umekaa naye miaka mingapi, mwanangu?"

"Miwili."

"Basi utaniambia wewe, maana mimi nimelala hapa nawaza silipati jibu. Alishuka garini. Nilimwona, na yeye aliniona, tulitazamana kabisa. Nikasema moyoni, nimepona. Akainama karibu yangu, akasema, 'Samahani sana.' Hivyo hivyo, kwa adabu. Kisha akarudi garini akaondoka. Ni mtu wa namna gani huyo?"

Fina alitaka kujibu. Alimjua mtu huyo kuliko yeyote, kola zake, viatu vyake, kicheko chake asubuhi. Akakaa kwenye kiti kando ya kitanda, akaushika mkono wa Lorraine, na machozi yaliyokataa kutoka kutwa nzima yakamtoka.