Difu Iliyofunikwa Turubai

Jumamosi hiyo yadi za vipuri Kitengela zilikuwa zimejaa watu na kelele za nyundo. Mwongeli alikuwa ameinamia injini, ovaroli ya bluu juu ya sketi ya maua, kitambaa cheupe kichwani, aliposikia kitu kizito kikiangushwa nyuma yake.

"Dada, mwenye yadi yuko wapi?"

"Ndiye huyu ulitaka kumkata mguu na chuma yako."

Aligeuka. Mbele yake alisimama kijana mrefu mwenye koti jekundu la rali, viatu vyake vyeupe vikiwa vimeshakunywa oili ya yadi nzima. Chini palikuwa na difu, ile gia ya nyuma inayopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu. Meno yake yalikuwa yamekatika kama ya mzee.

"Pole sana. Naitwa Mugo. Natafuta difu, lakini si kama hii. Hii ni ya tatu tangu mwaka uanze."

"Kwani unazila na chai?"

Naeku, mama wa Kimaasai aliyeuza chai pale yadi, alicheka mpaka chupa ikamtikisika mkononi.

Mugo alieleza kwamba gari lake lilikuwa na umri kumshinda. Mjomba wake aliliendesha zamani kwenye rali, zile mbio za magari, na yeye alikuwa ameliwekea injini nyingine yenye nguvu zaidi.

"Hapo ndipo shida iko," Mwongeli akasema, akichezea kipande cha jino kiganjani. "Mbele umeongeza nguvu, nyuma umeacha vile ilikuwa. Wewe unataka difu ya pikapu. Gia yake kubwa inapita hii kwa upana wa vidole viwili, na meno yake ni manene. Ni nzito, na lazima ukate vishikio vyake uchomelee upya. Lakini haitakatika."

"Uko nayo?"

"Kontena inakuja baada ya wiki tatu. Acha namba."

"Ya simu ama ya gari?"

"Ya simu. Gari haiongei."

Lakini Mugo hakungoja kontena. Simu ililia jioni ile ile.

"Mama Difu, umekula?"

"Nimekula. Na wewe?"

"Mimi nashiba sauti yako."

"Basi utakonda, Mugo."

Akacheka, na Mwongeli akajikuta akicheka peke yake jikoni, mwiko ukining'inia. Wiki ya kwanza haikuisha kabla hajajua saa za simu yake. Jumapili Mugo akamngojea nje ya kanisa, shati jeupe limepigwa pasi, kola imesimama, na akina mama wa kwaya wakapita polepole makusudi ili wamwone vizuri.

Jumapili iliyofuata alimpakia kwenye gari lile kuukuu, limefungwa difu ya kuazima, wakapita Kajiado, mpaka lami ikaisha. Hapo akakanyaga mafuta. Mawe yalipiga chini ya sakafu, migunga ikakwaruza madirisha, na kwenye kona gari likaenda kimbavu-mbavu kana kwamba linataka kurudi lilikotoka. Mwongeli alishika mlango kwa mikono yote miwili. Waliposimama, alishuka na viatu vyake vya kanisani, akakaa kwenye vumbi.

"Switi, umeogopa?"

"Nimemwona baba." Babake ndiye aliyemwachia yadi. Alikuwa dereva wa lori, nalo lilipinduka likamuua, Mwongeli akiwa na miaka kumi na tano. "Mugo, acha hii kitu. Nakuomba."

Mugo alichuchumaa, akampangusa vumbi shavuni. "Mimi nikiwa ndani ya hiyo gari ndio najisikia mtu. Usiniambie niache. Niombee tu."

Akamwombea. Alimwombea akifagia, akamwombea akipika chai. Lakini kontena ilipokuja, difu ya pikapu ilikuwa humo, nzima, nzito, meno yake yanang'aa kwa grisi. Mwongeli alitia alama ya chaki, akazungusha ekseli polepole akihesabu mizunguko, kama babake alivyomfundisha. Hesabu ilikubali. Hakukuwa na difu nyingine Kitengela ya kumfaa Mugo kuliko hiyo.

Akaivuta mpaka nyuma ya stoo, akaifunika turubai.

Naeku alimwona. "Unamficha bwana yako chuma?"

"Namficha kifo. Akienda na ile dhaifu itakatika, avutwe na kamba arudi nyumbani na hasira. Hasira si jeneza."

"Mama, Mungu wetu Enkai pekee ndiye anajua mahali kifo iko. Si wewe."

Mwongeli alimpigia Mugo simu.

"Haikuja, mpenzi. Imekuja tu ya saizi yako ya zamani."

"Wewe ukisema, mimi nimemaliza," Mugo akasema, bila hata kupumua katikati. "Niwekee hiyo."

Afadhali angemwuliza. Afadhali angebishana.

Siku ya mashindano, yaliyokuwa kwenye barabara ya vumbi ya kuelekea Mashuuru, Mwongeli alikuwa kanisani. Simu ilitetemeka ndani ya mkoba wimbo wa pili ukiendelea. Ilikuwa ni Kinyanjui, anayeketi kando ya Mugo akimsomea kona za barabara wakati wa mbio.

"Dada, difu imekatika. Meno yaliingia katikati ya gia, magurudumu ya nyuma yakashikana tukiwa mbio. Tumebingirika. Mimi niko sawa. Yeye wamempeleka hospitali, Kajiado."

Alimkuta amefungwa bega na mkono, uso umevimba upande mmoja. Mugo alijaribu kutabasamu. "Mama Difu. Usilie. Hizo zingine zote zilikuwa zinaachia polepole. Hii ni bahati mbaya tu."

Mwongeli angeweza kunyamaza. Mlango wa kunyamaza ulikuwa wazi kabisa.

"Si bahati mbaya. Ile ya pikapu ilikuja. Niliifunika."

Mugo akainua kichwa kutoka kwenye mto. "Ulijua hii itakatika?"

"Nilijua. Nilifikiri utasimama tu kando ya barabara."

"Nenda nyumbani, Mwongeli." Hakupaza sauti. Aligeuza uso ukutani.

Wiki sita. Alipiga simu ikalia mpaka ikachoka. Alituma ujumbe wa pole, wa zaburi, wa kuuliza kama amekula. Kwenye maombi ya Jumatano alipiga magoti akakosa cha kusema, kwa sababu aombe nini? Kwamba arudi? Akirudi, atarudi na gari lake.

Asubuhi moja simu ililia.

"Bado uko nayo?" Mugo aliuliza.

"Niko nayo."

"Ilete."

Aliipakia difu kwenye pikapu ya yadi, akashika barabara ya Kajiado akiwa amevaa ovaroli safi. Gereji ya Mugo ilikuwa ua wa mabati. Gari lilikuwa limenyooshwa, limeinuliwa juu ya magogo. Mkono wa Mugo ulikuwa bado kwenye kitambaa kilichofungwa shingoni, na pale hapakuwa na mtu mwingine wa kufanya kazi.

Mwongeli alilala chini ya gari. Alipima, akakata vishikio vya zamani, akachomelea vipya, na jua likapanda. Mugo aliketi karibu na miguu yake akimpa spana.

"Bado nimekasirika," akasema.

"Najua."

"Na bado nakupenda. Hiyo ndiyo inaniumiza kuliko bega."

Chini ya gari nyundo iligonga mara mbili.

"Nataka kuleta wazee kwenu mwezi wa nane. Lakini nikikuambia nitaacha rali, nitakuwa nakudanganya vile ulinidanganya. Kwa hivyo sikuambii."

"Na nikikataa?"

"Nitaendesha hivyo hivyo. Na sitakuwa na wa kunipigia simu kuuliza kama nimefika."

Machozi yalimteremka Mwongeli yakaingia masikioni, maana alikuwa chali na mikono imejaa grisi. Alitafuta neno lolote la kumshika mtu huyu abaki, akakosa. Bwana Mungu, akasema moyoni, mkono wangu umeishia hapa.

"Walete," akasema. "Nipe spana ya kumi na nne."

Akapewa. Alijua kila bolti atakayokaza itampa Mugo ujasiri wa kwenda mbio zaidi, na zilikuwa bado nane. Akazikaza zote, moja moja, kwa nguvu zake zote.