Pete ya Ganda la Shaba

Haya, kitendawili! Nyumba yangu ya shaba ina mlango mmoja. Mgeni wake hutoka kwa kishindo, wala harudi. Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Nimeupokea, mji mzuri, una mto na mbuga. Jibu ni ganda la risasi. Sasa sikilizeni, maana nyumba hiyo ikichakaa humuumiza mwenyewe.

Kule Montana aliishi Nedra Tollefson na mumewe, Orrin. Kila mwaka majani yakianza kuwa manjano, Orrin alishusha kopo la kahawa lililojaa maganda matupu ya bunduki yake kubwa, ile ya kuwindia kulungu wa milimani. Risasi za bunduki hiyo ni ghali. Kwa hiyo watu wa huko hawatupi ganda. Hulitia fataki mpya ya kuwashia, baruti mpya na kichwa kipya cha risasi, wakalipiga tena.

Mwaka ule macho ya Orrin yalikuwa na ukungu. Nedra akawa macho yake. Jumamosi binti yao Karlin angekuja kuwinda kwa bunduki ya baba, kwa mara ya kwanza.

"Orrin," Nedra aliuliza, "maganda haya yamepigwa mara ngapi?"

"Mara chache kuliko ulivyonigombeza."

Nedra akacheka. Baadaye ndipo alipokumbuka kwamba hakujibiwa.

Aliyafuta kwa kitambaa, moja moja. Mengine yalikuwa na mstari mwembamba unaong'aa, umelizunguka ganda karibu na kitako.

"Tazama, mzee! Haya yana pete kama yangu ya ndoa. Mazuri kweli."

"Basi hayo mwekee Karlin," Orrin akasema.

Mlango ukagongwa. Alikuwa jirani yao Wilma Skaar, anayewafundisha wawindaji wapya usalama. Alikuja kurudisha sahani ya pai. Akayaona maganda, akaketi bila kuambiwa.

"Nedra, mwenzangu, pete hiyo usiipende."

"Kwa nini? Si inang'aa?"

"Ganda lote likiwa linang'aa, hiyo ni kazi ya kitambaa chako. Pete moja peke yake, hapo chini, ni ganda linalovutika. Kila likipigwa, hapo panakuwa pembamba zaidi."

Wilma akanyoosha kibanio cha karatasi, akakunja ncha yake kidogo, akaitia ndani ya ganda. "Shika wewe. Vuta taratibu, ncha iguse ukuta."

Nedra akavuta. Ncha ikanasa. "Kuna mfereji humu!"

"Ndiyo. Kwa nje pete, kwa ndani mfereji. Siku moja ganda linakatika vipande viwili bunduki ikilia. Moto wa baruti unaweza kurudi nyuma."

"Nyuma wapi?"

"Usoni kwa aliyeshika bunduki."

Nedra akaangalia rundo alilomtengea mwanawe. Akalisogeza lote mbele ya Wilma.

Wakakagua yote. Lenye ufa shingoni, kando. Ambalo fataki inaingia kwa ulegevu bila kusukumwa, kando. Lenye mfereji, kando. Kati ya maganda thelathini na moja, yalibaki kumi na moja.

"Hayo je?" Orrin akauliza upesi.

"Kwa macho ni mazima," Wilma akasema. "Lakini shaba huchoka kabla haijaonyesha. Yamepigwa mara ngapi, Orrin?"

Orrin akajikuna sikio. "Pai ilikuwa ya tofaa, ee?"

"Usilojua umri wake, usilitie baruti," Wilma akasema, akaenda zake.

Nedra akanunua maganda mapya, wakayajaza. Juu ya boksi akaandika kwa herufi kubwa: MARA YA KWANZA. Yale mabovu akayaponda kwa koleo, asije mtu akayaokota.

Jumamosi Karlin akaenda mlimani na baba yake. Wakarudi kesho yake na kulungu mmoja, wameloa, wanataniana kuhusu nani alikoroma. Nedra hakumtazama kulungu. Alimshika binti yake mashavu yote mawili, akayabusu, hata Karlin akasema, "Mama, kuna nini?"

Karlin alipoondoka, Nedra alianika koti la Orrin. Mfuko ulikuwa mzito. Akatoa ganda moja, la pili, mpaka la kumi na moja, yale yale yaliyobaki siku ile, bado matupu. Akayapanga mezani mbele ya mumewe, akaketi karibu naye, bega kwa bega. Hakugomba.

"Mzee wangu, yamepigwa mara ngapi?"

Orrin akayapapasa kwa vidole, polepole, kama anayatafutia hesabu.

"Sijui, Nedra. Zamani nilikuwa najua kila moja. Siku hizi nasahau, nikaona haya kukwambia. Niletee koleo."