Bustani Iliyokuwa Kwenye Ramani Tu

Kila alasiri, kabla hata ya kuvua sare za shule, Ndoto aliingia chumbani kwa bibi yake na kuiweka kompyuta ya mama juu ya kitanda. Jina la Ndoto alipewa na wenzake darasani, maana akili yake haikukawia kusafiri. "Ndoto, umerudi au bado upo njiani?" walizoea kumtania.

Siku hizo alikuwa akitengeneza ramani ya mtaa wao kwa ajili ya tovuti ya shule. Haikuwa ramani ya kutazama tu. Ukibonyeza duka la vitabu, picha yake ilifunguka. Ukibonyeza karakana ya fundi baiskeli, ulisikia nyundo yake ikigonga polepole, kama mtu apigaye ngoma huku anasinzia. Bibi aliwahi kuvunjika mguu, na tangu hapo aligoma kutembea, ingawa daktari alishasema mguu umepona. Ramani hiyo aliipenda ajabu. Alibonyeza, akafumba macho, akasikiliza.

"Leo nimetembea vya kutosha," alisema, kisha akajifunika shuka.

Tatizo lilikuwa kiwanja kilicho nyuma ya shule. Mwalimu wa kompyuta alitaka kila kipande cha ramani kijibu kikibonyezwa, na kile kiwanja hakikuwa na kitu cha maana: mchanga, ukuta uliobomoka na toroli lenye kutu. Ndoto aliona aibu kukionyesha. Basi akachora bustani ya maua ya zambarau, akaweka benchi kivulini, akaongeza sauti za ndege alizorekodi kwingine. Ilipendeza mno, hata yeye mwenyewe akaanza kuiamini.

Bibi alipoibonyeza, aliwasikiliza wale ndege mpaka mwisho. Kisha akatupa shuka pembeni.

"Mjukuu wangu, nipe mkongojo wangu. Nataka kwenda kukaa kwenye hilo benchi."

Mama alitoka jikoni mbio, machozi yakimlengalenga. "Jamani! Mama amesimama!"

Ndoto akauleta mkongojo huku akiwaza. Akisema ukweli, bibi atarudi kitandani na huenda asiinuke tena. Asiposema, bibi atajikokota mpaka kule kufuata kitu kisichokuwepo.

Wakaondoka wawili, mdogo mdogo, bibi akiwa amemshika bega. Jua lilikuwa limepoa, na mtaa ulifunguka mbele yao kama ile ramani: kwanza vitabu dirishani, halafu ile nyundo.

"Bibi! Kumbe upo!" fundi baiskeli alipaza sauti.

"Nipo, baba! Nakwenda zangu bustanini!" bibi alijibu kwa madaha.

Hapo Ndoto akashindwa kuvumilia. "Bibi, hakuna bustani," alisema, akaangua kilio. "Niliibuni tu. Ni kiwanja kitupu."

Bibi akasimama. Jasho lilikuwa likimtiririka, na uso ulikuwa umekunjamana kwa hasira. "Mguu wangu unauma, Ndoto. Unauma kweli, haukuchorwa."

"Nisamehe, bibi. Turudi nyumbani."

"Turudi, na nimeshafika huku? Thubutu! Twende nikapaone hapo pa uongo wako."

Walipofika, wakaketi juu ya ule ukuta uliobomoka. Upepo ulisukuma mchanga taratibu. Kwa mbali nyundo ya fundi iliendelea kugonga, na Ndoto akahisi kama wamekaa ndani ya ramani yenyewe. Bibi alilitazama lile toroli kwa muda mrefu.

"Kubaya kweli huku!" alisema, akacheka mpaka mkongojo ukamponyoka. "Haya, piga picha. Rekodi na hiki kicheko."

Kesho yake Ndoto alimweleza mwalimu yote, naye akamruhusu kurekebisha. Sasa ukibonyeza kile kiwanja, unaona toroli, ukuta na bibi mmoja anayecheka. Naye bibi huenda kule kila alasiri kwa miguu yake.

"Kuota, ota, mjukuu wangu, tena uje unisimulie," alimwambia siku moja akijipapasa goti. "Lakini ramani watu huifuata kwa miguu, na mingine inauma. Usimwonyeshe mtu benchi ambalo akifika hatalikuta."