Kaburi Namba Tisa Halina Mtu

Mtoto alikataa ziwa Jumanne mchana. Hakulia wala hakuwa na homa. Alifumba tu midomo kama aliyetoka kula, na mama yake, karani wa idara ya maji, alipompangusa alikuta udongo mbichi pembeni mwa mdomo.

Waliishi wawili tu, chumba na sebule. Mume alifuata kazi mbali, simu zake zikapungua, kisha zikakoma. Jirani alikuwa mwema, humwachia uji mlangoni siku mojamoja, lakini wema wa mlangoni hauingii ndani kukaa nawe.

Alhamisi, akiwa anafua uani, alimsikia mtoto akicheka. Alichungulia, akamwona yule aliyemlaza mkekani sasa yuko juu ya kiti, hajagusa mto, ameelea kidogo tu kama aliyepakatwa, akibembea taratibu mbele na nyuma, na harufu ya udongo uliofukuliwa, ileile aliyorudi nayo kwenye viatu siku ile idara ilipomtuma kuhesabu makaburi, ikamjaa kooni asiweze hata kumwita Mungu.

Alimfunga mtoto mgongoni, akaenda kwa mchimba makaburi.

Alimweleza yote. Bomba jipya lilipangwa kupita makaburini. Sheria ilitaka tangazo libandikwe hapo siku tisini, na ndugu wa marehemu akikataa, kaburi lisiguswe. Siku ya kulibandika mvua ilinyesha na mtoto alikuwa anakohoa, kwa hiyo alilibandika kwenye mlango wa ofisi. Ndugu wa kaburi namba tisa hawakutokea. Akaandika: hana mtu. Jumatatu wangechimba.

"Wateja wangu hawajawahi kulalamika," mchimba alisema kwa sauti ya chini. "Wewe ndiye wa kwanza kuwaudhi."

"Ni nani yule?"

"Bibi mmoja aliyefia hospitali. Tulimzika mimi na dereva, basi. Umeandika hana mtu, mama. Sasa anatafuta mtu."

Karani alimwomba dawa ya kumfukuza bibi huyo. Mchimba alisema yeye anajua jembe tu, lakini alimsindikiza mpaka barabarani, akamshikia mwavuli.

Ijumaa asubuhi karani aliomba fomu ya pingamizi. Penye uhusiano na marehemu aliandika: mjukuu. Chini yake: sikubali. Mhandisi aliyesimamia bomba aliuliza bibi huyo amempata lini.

"Leo," alisema.

Mhandisi alijua kwamba uongo ule ungeweza kuwafukuzisha kazi wote wawili. Alimtazama mtoto, macho yaliyozama, shingo iliyosinyaa. Alichukua rula, akalichora bomba upya, likazunguka nje ya ukuta.

Jioni ile mtoto alinyonya mpaka jasho likamtoka kwenye paji la uso. Mama alilia kimyakimya, amekaa kitandani, akimshukuru kila mtu aliyemkumbuka.

Ndipo godoro likabonyea kando yake.

Hakugeuka. Alisikia pumzi ya mtu mzima aliyetembea mbali na sasa amefika, na akaelewa kwamba jini hufukuzwa, lakini ndugu uliyemwandika kwa mkono wako hafukuzwi. Angeweza kukimbilia kwa jirani. Alifikiria usiku wote uliokuwa mbele yake, na mwingine baada ya huo.

"Shikamoo, bibi," alinong'ona.

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekonda. Nipe mtoto, wewe ule."

Aligeuka. Akampa.